Mgeni wa Chakula cha Picha

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno hata kuitwa jambo. Jumapili moja mchana, nyumbani kwa Zahor pale Temeke, binti yake Khulud alikaa mezani, akasogeza kiti chake kidogo kushoto kama anayempisha mtu apate pa kuweka kiwiko, kisha akavuta sahani na kuanza kula.

Mama yake, Samiha, alikiona kiti kikisogea. Lakini nani angehangaika na kiti? Kwa miezi saba Khulud hakutia mdomoni kitu cha maana, na leo ameshika tonge la wali kwa vidole vyake mwenyewe na analitafuna. Samiha aliinuka, akaenda jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akalia. Anayelia kwa furaha hana muda wa kuangalia viti.

Khulud alikuwa na miaka kumi na tisa. Alianza kwa kuacha chakula cha usiku, akasema amechoka. Akaacha wali, kisha mkate, kisha hata chai aliinywa bila maziwa huku akigeuza kikombe kama anatafuta kitu kilichozama. Baba yake alikuwa na duka la viungo, na kila aliyeingia kununua iliki alitoka ameacha ushauri. Mmoja alisema ni minyoo, mwingine akasema ni mapenzi, na shangazi mmoja aliyekuja toka Kurasini kwa ajili hiyo tu alisema ni kiburi, mtoto atiwe njaa ya kweli siku mbili aone. Shangazi huyo hakuwahi kumwona mtoto akitetemeka mbele ya kijiko cha uji. Laiti angemwona, angenyamaza, ingawa kunyamaza si kazi yake.

Daktari mmoja ndiye aliyewaelekeza kwa Sekela. Huyu alikuwa mwanasaikolojia, mtu wa Mbeya, mpole, mwenye chumba kidogo Kinondoni ghorofa ya pili, juu ya duka la makochi. Sekela hakuwadanganya. Aliwaambia kwamba anafanya utafiti, kwamba ana miwani mikubwa inayofunika uso mzima, na mtu akiivaa anajikuta amekaa kwenye meza ya chakula. Anakiona chakula, anakishika, anakipeleka mdomoni, na hakuna chakula. Anayekiogopa anaanza kukizoea mahali ambapo hakiwezi kumfanya lolote.

"Ninachotaka kujua kwanza ni kama mgonjwa anajisikia vizuri humo ndani," alisema. "Nitakuwa nauliza, yeye atanipa namba. Sifuri ni vibaya kabisa. Kumi ni raha."

Siku ya kwanza Samiha alikaa kwenye benchi ukutani, mkoba mapajani. Khulud alivishwa miwani, akapewa vishikio viwili vya mkononi. Sekela aligeuza kompyuta yake ili mama aone kile anachokiona binti: chumba cheupe, dirisha, meza yenye wali, samaki wa kukaanga na sambusa, viti viwili, kimoja cha Khulud na kingine mkabala.

"Namba ngapi, Khulud?"

"Mbili." Mikono ilikuwa inamtetemeka. Akageuza uso uliofunikwa kuelekea alikodhani mama yake amekaa. "Mama, nisome bismillahi?"

Samiha alicheka. Hakuwa na nia mbaya, kilikuwa kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na sasa kimemtoroka. "Kwa chakula cha picha? Kula tu, mwanangu."

"Kuna kiti hakina mtu."

"Usikijali hicho," Sekela alisema. "Walioitengeneza walichora viti viwili tu. Cha pili hakina kazi."

"Haipendezi kula unatazamana na kiti kitupu," Samiha alisema. "Mkaribishe mtu. Ndivyo tulivyokulea."

Khulud alibaki ameikabili ile meza bila kugusa kitu. Basi Samiha, aliyezaliwa kwenye nyumba ambayo hata fundi bomba akipita mlangoni wakati wa chakula anaambiwa karibu, na asipojibu anaambiwa tena, aliona amsaidie mwanawe.

"Karibu, mgeni," alisema kwa sauti, huku anatabasamu. "Karibu tule."

Mikono ya Khulud iliacha kutetemeka.

"Tisa," alisema, kabla hajaulizwa.

Sekela aliandika, akafuta, akaandika tena. Wakati wa kuondoka alimshika Samiha mikono yote miwili, akamwambia hajawahi kuona namba ikipanda hivyo siku ya kwanza. Wakateremka ngazi wote watatu wakicheka.

Wiki mbili baadaye ndiyo ilikuja ile Jumapili ya kiti. Baada ya hapo Khulud alikula kila siku, na kula kwenyewe kulikuwa kwa adabu, bila kuruka mlo, mpaka wali wa mwisho kwenye sahani. Samiha alimpigia simu yule shangazi wa Kurasini ili tu amwambie.

Kisha nyumba ikaanza kunuka udi. Samiha alidhani Khulud amefukiza chumbani, akaenda kutazama, akakuta chetezo kikavu juu ya kabati, kina vumbi. Harufu ilikuwa kwenye meza ya chakula tu, na ilikuja saa ya kula tu, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya wali uliolala ukachacha. Alifua vitambaa vya meza. Akasugua miguu ya meza kwa ndimu. Siku ya pili yake, walipokaa mchana, udi ulikuja kabla ya mchuzi.

Halafu kulikuwa na suala la sauti, na hili Zahor ndiye aliyelisikia kwanza, maana yeye ana masikio ya muuza duka. Khulud alikuwa anatafuna, na kila alipotafuna, mara moja baada yake, kulikuwa na mtafuno mwingine. Ulikuwa mzito zaidi na hauna haraka.

"Samiha," Zahor alisema chini kwa chini. "Unasikia?"

"Kula, baba Khulud."

"Nakuuliza unasikia?"

"Mtoto anakula," Samiha alisema bila kuinua macho. "Mie ndicho ninachosikia."

Toka siku hiyo Zahor alikuwa anapelekewa chakula dukani. Alisema kazi imezidi.

Siku ya kupima uzito, Sekela alimpandisha Khulud kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena. Kisha akamwomba Samiha watoke nje, wakasimama kwenye korido iliyonuka gundi ya makochi.

"Mama, amepungua kilo mbili."

"Haiwezekani. Anakula kunishinda mie."

"Anapoenda chooni baada ya kula..."

"Haendi. Nakaa naye saa nzima, namshika mkono. Hatapiki, mwanangu, wallahi hatapiki."

Sekela alitazama ngazini, akatazama mlango, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeona aibu: "Kuna kitu nataka uone. Niliogopa kukuonyesha."

Aliingia akaileta kompyuta yake, yenye kumbukumbu za vikao vyote. Akafungua cha kwanza, kiti kile mkabala kimesukumwa chini ya meza, sawasawa kama kilivyochorwa. Akafungua cha tatu, na kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kiasi cha mtu kukaa. Akafungua cha sita, na upande ule wa meza kulikuwa na sahani ambayo haikuwepo, nyeupe yenye maua ya bluu ukingoni, na wali uliokuwa juu yake ulikuwa unapungua, polepole, tonge kwa tonge, ukichukuliwa na kitu ambacho kompyuta haikuweza kukionyesha.

Samiha aliitambua sahani. Ziko sita kabatini kwake, alipewa siku ya harusi.

"Niliwapigia walioitengeneza," Sekela alinong'ona. "Wanasema kiti kile hakiwezi kusogea. Kimeshikana na sakafu, ni mchoro mmoja. Mama, mie ni mtu wa kanisa, tena nimesomea haya mambo, na imani na elimu, vyote viwili sijui nivipeleke wapi. Nimesimamisha vikao. Sitamvalisha tena."

Walirudi nyumbani. Samiha hakupika siku hiyo, alinunua mkate, akakaa mezani na binti yake na kumuuliza kwa upole nani anakula naye.

Khulud hakushtuka. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo imechomoza, lakini uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyelala akaamka bila kengele.

"Mgeni wako," alisema.

"Anakufanya nini?"

"Hanifanyi kitu, mama. Zamani nilikuwaga nikiona chakula naskia kelele kichwani. Sasa kimya. Mie natafuna, yeye anameza." Akatabasamu. "Dada Sekela angeniuliza leo, ningemwambia kumi."

Sheikh Haroub alikuwa ami yake Samiha, mzee wa makamo aliyewahi kuwasomea Kurani wagonjwa wengi, na hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikuja baada ya swala ya alasiri, jua lingali kali barazani, akamkalisha Khulud kwenye mkeka, akaweka kiganja juu ya kichwa chake akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, ya kawaida, na kwa muda hakukuwa na lolote ila sauti yake na feni, mpaka Samiha, aliyekuwa amekaa pembeni na ushungi ameuuma kwa meno, alipogundua kwamba sauti zilikuwa mbili, kwamba kutoka mdomoni kwa mwanawe, ambaye midomo yake haikufunguka sawasawa na maneno, kulikuwa kunatoka sauti ya mwanamume mtu mzima ikisoma pamoja na Sheikh, aya kwa aya, bila kukosea, kwa matamshi mazuri kuliko ya Sheikh, na Sheikh aliporuka neno moja kwa woga, sauti ile ilimsubiri, ikamrudisha kwenye neno lile kwa upole kama mwalimu wa chuo cha Kurani, kisha ikaendelea.

Sheikh Haroub aliondoa mkono wake. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya kanzu.

"Umeingiaje hapa?" aliuliza.

"Nimekaribishwa," sauti ilijibu. "Mwenye nyumba alisema karibu mgeni, karibu tule. Na chakula hakikutajiwa jina la Mungu. Binti aliuliza, mama yake akacheka. Chakula kilichofunguliwa bila jina ni cha kila mwenye mkono."

"Toka kwa mtoto wa watu."

"Sheikh, wewe ni mtu wa pwani. Toka lini kwenu mgeni anafukuzwa na jirani?"

Khulud akapepesa macho, akaomba maji. Sheikh alitoka barazani, Samiha akamfuata, na pale mwangani, watoto wa mtaa wakipita na madumu, alimwambia ukweli.

"Mwanangu, mie nawajua wanaovamia. Anayevamia ana hofu, ukimbana anakimbia. Huyu hana hofu kwa sababu hajaiba kitu. Na mtu anayelijua jina la Mungu vizuri kuliko mie, mie nitamtisha na nini?"

"Kwa hiyo nikae nimwangalie mtoto anakwisha, ami?"

"Aliyemkaribisha ndiye amtoe. Palepale alipomkaribisha."

Samiha alipoomba kuivaa miwani mwenyewe, Sekela alikataa, kisha akakubali. Jumatano saa sita mchana alifunga mlango wa chumba chake, akageuza kibao nje kisomeke yupo likizo. "Mama, hii si tiba," alisema huku akimkaza mkanda wa miwani nyuma ya ushungi. Samiha akasema anajua.

Giza, kisha chumba cheupe. Samiha hakuwahi kuvaa kitu kama kile maishani, na alitegemea kuona picha, lakini meza ilikuwa yake, sahani ni zake, na ingawa Sekela alikuwa amemwambia humo ndani hakuna harufu, udi ulimjaa puani, na mbele yake, kwenye kiti kisichosogea, alikaa mzee mwenye kanzu safi, mikono ya kanzu ameikunja, anakula kilichoko mbele yake bila kuvuka upande wa mwenzake, kama watoto wanavyofundishwa, na alipoinua uso Samiha alitaka kupiga kelele asiweze, kwa sababu mashavu yale ya mviringo, yenye kishimo upande wa kushoto, aliyazaa yeye, aliyabusu yeye, ndiyo mashavu ya Khulud ya mwaka juzi.

"Mama Khulud," mzee alisema. "Chakula chako kitamu. Karibu."

Samiha alishika kingo za benchi asilokuwa analiona. "Mie ndiye niliyekukaribisha. Na mie ndiye ninayekuambia umekula, inatosha. Ondoka."

Alijiandaa kwa hasira. Alijiandaa kwa moto, kwa mayowe, kwa vitu vya kwenye hadithi za bibi. Mzee alinawa tu vidole kwenye bakuli.

"Mwenye nyumba akisema basi, ni basi. Mie si mkorofi." Akajifuta. "Lakini jiulize, mama. Kabla sijaja, alikuwa anakula?"

"Ondoka."

Akainuka, akaaga vizuri, akapita kwenye ukuta, na mashavu yale akaenda nayo.

Samiha alipovua miwani, Sekela alikuwa amesimama kwenye kona na msalaba wa mkufu wake mdomoni. Khulud, kwenye benchi, alikuwa analia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, machozi yanamdondokea magotini.

"Umemfukuza," alisema. "Sasa nitakula na nani?"

Nyumba ilikuwa safi. Hakuna udi, hakuna sauti ya pili, kiti kilikaa kilipowekwa. Zahor alirudi kula nyumbani. Na Khulud alifunga mdomo. Alhamisi hakula. Ijumaa hakula, na uji ulipoletwa alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Walimpeleka hospitali, akatundikiwa dripu, Jumamosi akarudishwa nyumbani, na walimu wa dunia hii na ile wote wakawa wamesema neno lao la mwisho. Sheikh Haroub alisema kwenye simu: "Ameondoka, alhamdulillah. Kilichobaki ni ugonjwa, na mie ugonjwa siuwezi." Sekela alisema: "Tutaanza upya, mama, polepole, bila miwani. Inaweza kuchukua miezi." Walikuwa wakweli wote wawili, na Samiha hakuwakasirikia. Alipokuwa akimwogesha Khulud Jumapili asubuhi, alimnyanyua kwa mkono mmoja bila kutaka, kwa vile alivyokuwa mwepesi, na akajua kwamba miezi haipo.

Mchana alimbeba mpaka mezani. Akaweka sahani ya Khulud. Kisha akafungua kabati, akatoa sahani nyingine yenye maua ya bluu, akaiweka mkabala.

Zahor alisimama mlangoni. Aliiona sahani, akaelewa.

"Samiha. Usifanye hivyo."

"Nipe neno lingine," Samiha alisema. "Kama unalo, nipe, baba Khulud, nitalisema hilo."

Zahor akageuka, akaenda kukaa barazani, mgongo kwa mlango.

Samiha alimwangalia mwanawe, midomo iliyokauka, macho yaliyozama, kisha akaangalia kiti, na akiwa na akili zake zote, bila kicheko safari hii, bila mtu wa kumdanganya wala wa kumlaumu, huku kila alichofundishwa tangu utotoni kikimkataza, alisema kwa sauti ndogo iliyosikika vizuri kuliko zote alizowahi kusema ndani ya nyumba ile: "Karibu."

Ukaja udi. Kisha mguu wa kiti ukakwaruza sakafu, mara moja, taratibu, kama mzee anayeogopa kusumbua watu.

Khulud akafungua mdomo kupokea kijiko.

Siku hizi Samiha anapika kwa sufuria aliyokuwa anaitoa Idi tu. Amejifunza mwenyewe, bila kufundishwa na sheikh wala daktari, kwamba mgeni akishiba mapema, kuna kidogo kinachombakia mtoto. Uzito wa Khulud haupandi, lakini haushuki tena. Kwa hiyo anapika asubuhi, anapika mchana, anapika jioni, na majirani wanasema nyumba ya Zahor imefunguka riziki. Anakaa mezani mpaka mwisho, anatazama sahani mbili zikipungua, na haombi chochote zaidi ya mchana mwingine kama huu.

Jana Khulud aliacha kutafuna, akainamisha kichwa upande ule, akasikiliza.

"Mama," alisema. "Anasema samaki wazuri, ila kesho uwatie nazi."

"Mwambie nimesikia," Samiha alisema, akainuka kwenda kuangalia kama kuna nazi ndani.